Stelingi na Somo Yake

Katika duka moja la muvi kule Kondele, Kisumu, mahali ambapo mteja hulipa pesa kidogo akajaziwa filamu kwenye fleshi, nilisikiliza mabishano yaliyodumu kuliko foleni yenyewe. Vijana wawili walikuwa wakishindana kuhusu atakayemrithi Daniel Craig katika uhusika wa James Bond, yule jasusi wa filamu za Kiingereza. Mmoja alishikilia kwamba baada ya Craig hakuna tena Bond, na kwamba yeyote atakayeletwa atakuwa wa kuigiza tu. Mwenzake akamjibu kwamba hata Craig alikuwa wa kuigiza, tena alikuwa wa sita. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akawauliza kama wanamfahamu Roger Moore. Hakuna aliyemfahamu.

Mabishano yale yalinirudisha kwenye vibanda vya vidio vya utotoni mwangu, ambako filamu haikuitwa kwa jina lake bali kwa jina la aliyeiongoza vitani. Tulisema leo kuna Komando, na tulimaanisha filamu yoyote ile aliyomo Arnold Schwarzenegger, hata kama ndani yake hakuwa komando. Hatukumjua mwongozaji, hatukumjua mwandishi, lakini sheria moja tuliijua sote: stelingi hafi. Neno hilo stelingi lilibeba vitu viwili kwa pamoja, yaani mtu anayeigiza na mtu anayeigizwa, na hatukuwa na haja ya maneno mawili kwa sababu machoni petu palikuwa na mtu mmoja tu. Kwa hiyo mwigizaji anapobadilishwa, mtazamaji haoni kwamba mfanyakazi mmoja ameondoka kazini na mwingine ameajiriwa. Huona kwamba mtu aliyemzoea amefichwa, na mgeni ameketishwa mahali pake kwa jina lile lile.

Ninaamini kwamba swali linalotangulizwa kila mara habari hizi zinapotoka, yaani kama mwigizaji mpya anafaa au hafai, lilistahili kuwa swali la pili. La kwanza ni kujua uhusika wenyewe ulifinyangwa kwa udongo gani. Kuna wahusika walioishi kwenye karatasi kabla hawajapewa sura ya mtu yeyote, na kuna wengine waliofinyangwa kwa sauti, mwendo na uso wa mtu mmoja, kiasi kwamba ukimtoa yeye hakibaki kitu cha kurithisha. Wengi wamechanganya udongo wa aina zote mbili, na hao ndio wanaoleta ugomvi.

Bond ni mfano mzuri wa aina ya kwanza. Ian Fleming alimtoa katika riwaya yake ya kwanza mwaka wa 1953, miaka tisa kabla Sean Connery hajamwigiza kwenye sinema mwaka wa 1962. Hata ile 007 anayojulikana nayo si jina; ni namba ya kazi. Uhusika wake unafanana na kiti cha chifu: chifu huhamishwa au hustaafu, mwingine hufika, na baraza huendelea Alhamisi ijayo. Baada ya Connery alikuja George Lazenby, Mwaustralia mwanamitindo ambaye hakuwa na uzoefu wa uigizaji wa kutajika, akacheza filamu moja ya mwaka wa 1969 kisha akajiondoa. Connery akarudishwa mwaka wa 1971. Moore akakikalia kiti kuanzia 1973 hadi 1985 kwa filamu saba, Timothy Dalton akacheza mbili, Pierce Brosnan nne kati ya 1995 na 2002, na Craig tano kati ya 2006 na 2021.

Wengi hudhani kwamba urithishaji huu ulifanikiwa kwa sababu kila mwigizaji alikuwa na kipaji kikubwa. Mimi naona siri ilikuwa kwa waliokizunguka kiti. Lois Maxwell aliigiza Moneypenny, karani wa mkuu wa majasusi, katika filamu 14 kuanzia 1962 hadi 1985, akawapokea Bond watatu tofauti kwa tabasamu lile lile. Desmond Llewelyn, mzee wa karakana anayemkabidhi Bond vifaa vyake na kumkemea asiviharibu, alionekana katika filamu 17 kati ya 1963 na 1999. Ukiongeza muziki ule ule wa ufunguzi, basi mgeni anaingia katika nyumba ambayo kila kitu kingine kiko mahali pake, na wenyeji wanamwita kwa jina bila kusita. Mtoto akiona wazazi wake wamempokea mtu hivyo, hamwogopi tena.

Mbinu hiyo ilitumiwa hata pale ilipopingana na mantiki. Craig alipotangazwa, kulikuwa na watu walioanzisha kampeni ya kuisusia filamu yake, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Watayarishaji wakaamua kuianza hadithi upya, Bond akiwa ndiyo kwanza anapewa namba yake ya kazi. Hata hivyo mkuu wake alibaki kuwa Judi Dench, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo tangu enzi za Brosnan mwaka wa 1995. Kwa hesabu za kalenda jambo hilo haliwezekani. Kwa hesabu za moyo wa mtazamaji liliwezekana kabisa, kwa maana uso wake ndio uliotudhaminia yule kijana mgeni.

Hapa lazima tuingie kidogo katika sheria na pesa, kwa kuwa mashabiki huongea kana kwamba uamuzi huu ni wa kisanaa peke yake. Mwaka wa 1986 Brosnan alikuwa tayari amechaguliwa kumrithi Moore, lakini mkataba wake wa kipindi cha runinga nchini Marekani ukaongezwa muda, nafasi ikamwendea Dalton, na Brosnan akangoja hadi 1995. Mwaka wa 1983 jambo la ajabu zaidi lilitokea: filamu mbili za Bond zilitoka katika mwaka mmoja, moja ikiwa na Moore na nyingine ikiwa na Connery, kwa sababu mtu mwingine alikuwa na haki za hadithi moja ya Bond, akaitumia haki hiyo nje ya kampuni ya kawaida. Watu wawili walivaa uhusika mmoja kwa wakati mmoja, na wote wawili walikuwa halali. Mhusika ni mali ya mwenye hakimiliki. Mwigizaji humiliki kitu kingine, chembamba zaidi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kwa mfano, inampa haki juu ya uigizaji wake ili usirekodiwe wala kurushwa hewani bila idhini yake, lakini haimfanyi mmiliki wa mtu aliyemwigiza. Na Februari 2025 familia iliyokuwa ikiamua mambo ya Bond kwa miongo mingi ilikubali kuwaachia Amazon MGM usukani wa ubunifu. Kwa hiyo ubishi wa Kondele, hata ukiwa mkali namna gani, utaamuliwa na mwenye kiti.

Ugumu mwingine unatokana na lugha yenyewe, kwa sababu tunasema mwigizaji amebadilishwa tunapozungumzia mambo ambayo hayafanani. Marlon Brando alimwigiza Vito Corleone, mkuu wa genge la mafia, akiwa mzee katika filamu ya mwaka wa 1972, na Robert De Niro akamwigiza Vito huyo huyo akiwa kijana katika filamu ya 1974. Kila mmoja alipata tuzo ya Oscar kwa uhusika huo. Hapo hakuna aliyemfukuza mwenzake. Ni mtu mmoja katika umri mbili, na De Niro alichota kidogo tu kutoka kwa Brando, hasa ile sauti ya mkwaruzo, kisha akamjenga kijana wake mwenyewe. Heath Ledger na Joaquin Phoenix nao walipata Oscar kila mmoja kwa kumwigiza Joker, adui wa Batman, mmoja katika filamu ya 2008 na mwingine katika ile ya 2019, lakini Joker hao wawili hawashiriki hadithi, wala historia, wala hata sababu ya kucheka. Wanashiriki jina na rangi usoni. Anayewalinganisha ili kujua nani ni wa kweli anauliza swali lisilo na jibu.

Na kuna wale walioufanya mbadiliko wenyewe kuwa sehemu ya hadithi. Kipindi cha runinga cha Uingereza cha Doctor Who kilianza Novemba 1963, na William Hartnell, mwigizaji wake wa kwanza, akaanza kudhoofika kiafya. Mwaka wa 1966 waandishi wakaamua kwamba shujaa wao, ambaye si binadamu, anapokaribia kufa hupata mwili mpya, na Patrick Troughton akaamka mahali Hartnell alipolala. Shida ya afya ya mtu mmoja ikageuzwa kuwa maumbile ya mhusika. Ni kwa mlango huo ambapo, miongo mingi baadaye, nafasi hiyo ilimfikia mwanamke, Jodie Whittaker, kisha Ncuti Gatwa aliyezaliwa Rwanda mwaka wa 1992 na kukulia Uskoti. Sijaona suluhisho jingine la werevu kama hilo katika historia nzima ya jambo hili.

Kifo ndicho kinachoyapima yote haya. Richard Harris, aliyekuwa Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule ya uchawi, katika filamu mbili za mwanzo za Harry Potter, alifariki Oktoba 2002, na kuanzia filamu ya 2004 Michael Gambon akashika nafasi kwa filamu sita. Hakuna aliyetaka hadithi isimamishwe, kwa kuwa ilikuwa kwenye vitabu na watoto walikuwa katikati ya safari. Wapo wanaomlaumu Gambon hadi leo kwamba alikuwa mkali mno. Kwa maoni yangu alifanya vyema kukataa kumwiga marehemu, maana kumwiga kungetufanya tumtafute Harris katika kila neno.

Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43, hali ilikuwa tofauti, na sisi wa Kisumu tulikuwa na sababu ya karibu ya kuifuatilia. Filamu ya kwanza ya Black Panther ilizinduliwa pia katika mji huu Februari 2018, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, binti wa Gavana Anyang' Nyong'o, aliyeigiza ndani yake uhusika wa Nakia. Mfalme T'Challa, uhusika aliouigiza Boseman, alikuwa amekuwapo katika vitabu vya katuni tangu 1966, miaka kumi kabla Boseman hajazaliwa. Kwa kipimo nilichokitaja, basi, uhusika huo ulikuwa wa karatasi na ungeweza kurithiwa. Mashabiki wengi walidai hivyo, wakatia saini maombi, na hoja yao ilikuwa nzito: ikiwa Batman na Superman hupokezwa kutoka mkono hadi mkono kizazi baada ya kizazi, kwa nini mfalme Mwafrika ndiye azikwe pamoja na mwigizaji wake? Kwa nini watoto weusi ndio waambiwe kwamba shujaa wao alikuwa mmoja tu?

Marvel, wenye filamu hiyo, wakakataa. Filamu ya 2022 ilianza na mazishi ya mfalme, waombolezaji wakiwa wamevaa mavazi meupe, na ikampa Shuri, dada yake, vazi la ulinzi. Kisha mwishoni kabisa, baada ya majina ya washiriki kuanza kupita, Nakia anamleta mbele ya Shuri mtoto mdogo aliyelelewa mbali kwa siri. Mtoto anasema jina lake la nyumbani ni T'Challa, mwana wa Mfalme T'Challa.

Nilipoitazama sehemu hiyo sikuhitaji kuelezwa. Miongoni mwa Waluo na Waluhya mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na Waswahili wa pwani wana neno zuri kwa wawili wanaoshiriki jina: somo, au wajina kama tunavyosema wengi wetu huku bara. Mama aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi humwita mtoto huyo baba, tena kwa upole wa pekee, na hakuna siku anayochanganyikiwa akadhani mzee amerudi. Hamtaki mtoto atembee kama babu yake. Anachotaka ni kwamba jina lisikatike. Wala jina halipewi mwingine kaburi likiwa bado halijachimbwa, na hapo ndipo ninapoona Marvel walikuwa sahihi kwa wakati ule, ilhali wale walioomba mrithi wako sahihi kwa muda mrefu ujao. T'Challa atapata mwigizaji mwingine siku moja, na itakuwa haki. Kumleta mwaka wa 2021, wakati wenzake Boseman bado wanalia kwenye seti, kungekuwa kumnyang'anya marehemu jina lake.

Kwa wasanii wa nyumbani, kipimo hicho kinaumiza zaidi. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mzee Ojwang', mzee wa Kiluo, katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwa miongo mingi akiwa na Mary Khavere, yaani Mama Kayai. Nimekutana na watu wazima hapa hapa Kisumu ambao waliamini hadi siku ya mazishi kwamba alikuwa mtu wa kwao. Charles Bukeko naye alikuwa Papa Shirandula, soja wa langoni mwenye maneno mengi na tumbo la heshima, na alipofariki Julai 2020 akazikwa nyumbani Busia, nchi ilimlilia kwa jina la mhusika kuliko jina lake. Sare ya soja ipo, lango lipo, lakini hakuletwa mtu mwingine kuivaa. Nakubaliana na uamuzi huo. Ojwang' na Shirandula hawakutoka katika riwaya wala kitabu cha katuni. Walitoka kinywani mwa watu wawili waliojua kulivuta neno na kulikata mahali ambapo mwandishi asingepaona. Atakayevaa sare ile leo atakuwa anamwiga Bukeko, hatakuwa anamwigiza Shirandula, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha suala hili lote.

Wala tusidanganyane kwamba watazamaji wetu hawapendi sura mpya. Wakati Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa tamthilia ya kutahiniwa shuleni, makundi mbalimbali ya waigizaji yalizunguka kumbi za shule kuanzia Nakuru hadi Kakamega na Kisumu, na kila kundi lilikuwa na Majoka wake na Tunu wake. Mwanafunzi angeweza kuwaona Majoka wawili katika muhula mmoja, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na hakuna aliyenung'unika kwamba ameletewa bandia. Majoka alikuwa kitabuni, mikononi mwao. Vichekesho vyetu vya runinga vingekuwa na warithi leo iwapo wahusika wake wangeandikwa kwa kina namna hiyo, ingawa sina hakika kama tungeupata ule utamu uliozaliwa papo hapo. Hilo ni jambo linalonihuzunisha, maana kila chaguo lina gharama yake.

Siku hizi kuna wanaodai kwamba kompyuta imeliondoa tatizo. Mwigizaji Peter Cushing alifariki mwaka wa 1994, lakini uso wake ukatengenezwa upya katika filamu ya Star Wars ya mwaka wa 2016. Paul Walker alipofariki Novemba 2013 kabla ya kukamilisha filamu yake, ndugu zake wawili walisimama mahali pake na sura yake ikawekwa juu yao. Naona huku si kuepuka kumbadilisha mwigizaji. Ni kumbadilisha kwa kificho. Katika filamu ile ya 2016 kazi ya kutembea, kusimama na kutamka ilifanywa na Guy Henry, na uso wa mwingine ndio uliopokea salamu. James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Darth Vader wa Star Wars, alikubali akiwa hai sauti yake itengenezwe kwa kompyuta, na ridhaa hiyo ndiyo inayotenganisha jambo lake na yale mengine yanayotisha. Waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118 mwaka wa 2023, na miongoni mwa waliyoyadai ni kwamba nakala ya sura au sauti ya mtu isitengenezwe bila idhini na malipo.

Sauti, hata hivyo, ni jambo ambalo sisi tulilimaliza zamani. Katika vibanda vya vidio mashujaa wa kila nchi walizungumza kupitia kinywa cha DJ Afro, akiwatafsiria na kuwaongezea maneno ambayo hawakuwahi kuyasema, na stelingi alibaki stelingi.

Nirudi Kondele. Zamu ya yule mzee ilipofika, aliomba filamu ya Moore ya mwaka wa 1981, na mwenye duka akaifungua kidogo kwenye skrini ili kuhakikisha haijaharibika. Inaanza na Bond akiweka maua juu ya kaburi. Kijana aliyesema kwamba baada ya Craig hakuna Bond akaacha kubishana, akauliza kaburi hilo ni la nani. Mzee akamwambia ni la mke wa Bond, aliyepigwa risasi siku ile ile ya harusi, katika filamu ya 1969. Kijana akataka kujua kama huyu Moore ndiye aliyemwoa. Hapana, mzee akasema, aliyemwoa ni yule Lazenby aliyecheza mara moja tu; huyu amekuja kuzuru kaburi.

Kijana akaomba ajaziwe zote mbili.